World of Warcraft inajipinga yenyewe: tuandike ipi katika muhtasari wa Kiswahili?

Birere_Mchawi (Goma)

Jambo wakubwa. Tuko wanne tunaoandika muhtasari wa historia ya Warcraft (michezo ya kompyuta ya kampuni ya Blizzard) kwa Kiswahili, toka mchezo wa kwanza wa 1994 mpaka The War Within ya 2024. Ni wa wachezaji wapya wanaoingia kwa toleo la Kifaransa kisha wanapotea, hawajui nani ni nani. Shabaha yetu ni kurasa 40, maandishi matupu bila picha, faili isiyokula mega za mtu.

Sura za mwanzo zilikwenda. Sasa tumekwama mahali pane:

1. Kitabu cha maelezo kilichouzwa pamoja na Warcraft III (2002) kinasema eredar (kabila la wachawi) ndio waliompotosha Sargeras, titani (kiumbe mkuu kama mungu) anayeongoza jeshi la mapepo liitwalo Burning Legion. Toka nyongeza (toleo jipya linalopanua mchezo) ya The Burning Crusade (2007), ni Sargeras aliyewapotosha eredar. Na draenei, ambao mwanzo walikuwa viumbe waliopinda migongo, wamekuwa eredar waliokimbia upotovu huo, warefu wenye kwato na chombo cha angani.

2. Upanga wa Frostmourne ulikuwa mali ya Burning Legion. Toka Shadowlands (2020) tunaambiwa asili yake ni kwa Jailer, mtawala wa Maw, gereza la roho katika ulimwengu wa wafu.

3. Teldrassil, mti mkubwa wenye mji wa wanaelfu wa usiku, iliungua 2018. Tumehesabu sababu tatu, na hazikai pamoja.

4. Mtu akicheza kwa mpangilio wa ngazi wa 2010, anaacha Garrosh akiwa mkuu wa Horde (moja ya pande mbili za mchezo, nyingine ni Alliance) mjini Orgrimmar, anavuka kwenda Outland, dunia nyingine, anamkuta Garrosh yuleyule Nagrand, kijana aliyekata tamaa ambaye hata ukweli kuhusu baba yake bado hajaambiwa.

Mmoja wetu anasema tufuate la mwisho lililotolewa na kampuni. Mwingine anasema tuandike yote, lakini yote hayaingii kurasa 40. Na mimi nashindwa kutenganisha kosa la kumbukumbu na uandishi dhaifu tu. Mnatenganishaje?

---

Katuba_Fundi (Lubumbashi)

Jambo yako, yaya. Hayo mane uliyoyataja ni magonjwa manne tofauti, na kila moja lina dawa yake. La kwanza, habari ya zamani imefutwa. La pili, imefunikwa: ya zamani bado ipo, ila imewekewa tabaka jipya chini yake. La tatu, tendo limebaki lilelile lakini sababu yake imebadilishwa. La nne si kosa la hadithi hata kidogo, ni kosa la mpangilio wa ramani.

Kabla ya kuandika sura yoyote, tengenezeni jedwali la nguzo tano: jambo lenyewe, limesemwa wapi (kitabu cha maelezo, misheni ndani ya mchezo, riwaya, video), mwaka lilipotolewa, nani analisema, na hali yake. Kwenye hali tumieni maneno manne tu: linasimama, limefutwa, limefunikwa, limenyamaziwa. Hilo la mwisho ni kwa mambo ambayo hakuna aliyeyakana, ila hakuna aliyeyagusa tena.

Nguzo inayosahauliwa ni ya nne. Sauti ya mwandishi mwenyewe katika kitabu cha maelezo ina uzito kuliko maneno ya mhusika mwenye faida ya kudanganya. Angalieni vitabu vitatu vya Chronicle (2016, 2017, 2018). Vilipokelewa kama neno la mwisho, halafu baadaye waandishi wa Blizzard wakasema vimeandikwa kwa mtazamo wa titani. Kwa sentensi hiyo moja, kila kilichomo kimeshuka toka "ndivyo ilivyokuwa" kwenda "ndivyo titani wanavyosema". Jedwali lisilo na nguzo ya nne linabomoka hapo.

Chukua Frostmourne, mstari kwa mstari:

2002. Kil'jaeden, kamanda wa Legion, anaitesa roho ya Ner'zhul, shamani wa orc, anaigeuza kuwa Lich King, mtawala wa wafu, anaifunga ndani ya barafu pamoja na silaha na vazi la chuma, anaitupa Northrend. Nathrezim, aina ya mapepo, wanawekwa kumlinda. Ner'zhul anausukuma upanga nje ya barafu ili Arthas, mwana wa mfalme Terenas, aukute. Hali: limefunikwa.

2003. Arthas anavunja barafu, anavaa kofia, wanakuwa kitu kimoja. Hali: linasimama.

2010. Tirion, paladini, anavunja upanga huo kwa upanga wake Ashbringer, Bolvar, askari wa Alliance, anavaa kofia. Hali: linasimama.

2020. Sylvanas, elfu mfu aliyekuwa mkuu wa Horde, anairarua kofia kwa mikono yake. Tunaambiwa upanga na kofia vilifuliwa kwa Jailer, na kwamba nathrezim walikuwa wapelelezi wa Denathrius, mtawala wa Revendreth katika ulimwengu wa wafu, tangu zamani, si mapepo watiifu wa Legion. Hali: linasimama, lakini ndilo linalofunika la 2002.

Sasa mtego uko hapa. Mwenye haraka atarudi kwenye sura ya 2002 aandike "kumbe nyuma ya yote alikuwa Jailer". Msifanye hivyo. Arthas wa 2002 ana kisa kilichokamilika: ameua watu wake mwenyewe Stratholme, amechoma meli zake ili askari wasirudi nyumbani, ameonywa kwamba upanga umelaaniwa na bado ameushika. Ukimwingiza Jailer hapo, msomaji ataacha kumtazama Arthas atafute mkono uliojificha. Habari ya Jailer iwekwe kwenye sura ya 2020, kwa sentensi mbili: "Nyongeza hii inasema kwamba..." Mseme nani anasema, mwendelee.

Draenei ni rahisi zaidi, maana pale aliyekosea alikiri. Chris Metzen, ambaye ndiye alikuwa mshika kalamu mkuu wa historia ya Warcraft, alieleza hadharani kabla nyongeza haijatoka kwamba hakukumbuka alichoandika mwenyewe katika kitabu cha 2002. Kwa hiyo limefutwa, hakuna ubishi. Lakini andikeni na sababu ya kimchezo, juu wasomaji wenu watauliza. Mpaka 2006, paladini walikuwa wa Alliance peke yake na shamani wa Horde peke yake. Walipotaka kufungua milango hiyo, Horde ikapewa kabila la blood elves wenye upaladini na Alliance ikapewa draenei wenye ushamani. Wale waliopinda migongo, akina Akama, hawakutupwa: walipewa jina la Waliovunjika, na Kifaransa kinawaita Roués. Mchezo ulihitaji kabila jipya la kuuzika, hadithi ikatafutiwa nafasi baadaye. Magongano mengi ya mchezo huu yana asili hiyohiyo.

---

Himbi_DK (Goma)

Mimi nasema mnajitesa. Mali ni ya kampuni, ikibadilisha imebadilisha. Andikeni toleo la mwisho, wekeni tarehe juu ya faili, basi. Mchezaji mpya hataki kujua kitabu cha 2002 kilisema nini, anataka kuelewa nani anampiga leo.

---

Ibanda_Karani (Bukavu)

Himbi, toleo la mwisho haliko mahali pamoja, ndiyo shida. Mchezo wenyewe umebeba matabaka ya miaka ishirini kwa wakati mmoja, na mchezaji mpya anayatembea yote kwa miguu yake. Nyongeza ya Cataclysm (Desemba 2010) iliandika upya Kalimdor na Eastern Kingdoms, yaani njia yote ya ngazi 1 mpaka 60. Outland ya 2007 na Northrend ya 2008 hazikuguswa. Matokeo: unaanza miaka ya baadaye, unarudi nyuma, unasonga mbele tena. Garrosh wa Nagrand anatoka hapo. Hakuna mwandishi aliyesahau. Hakuna aliyelipwa kurudi kurekebisha.

Toka Oktoba 2020 ngazi zilipunguzwa kutoka 120 hadi 50 na kukaja mhusika Chromie, anayekuruhusu kuchagua nyongeza moja na kukulia humo mpaka mwisho. Imepunguza fujo ya kuruka miaka, ila imeleta nyingine: mtu anaweza kufika kilele bila kuona kabisa kwa nini Arthas ni mtu wa kuongelewa.

Kwa muhtasari wenu, pangeni kwa matukio, msipange kwa ngazi. Na kila mnapotaja mahali palipoharibiwa, semeni kama mchezaji anaweza bado kupaona. Kuna mhusika anaitwa Zidormi, ni dragoni wa shaba aliyevaa umbo la mtu. Ukiongea naye anakubadilishia eneo kati ya hali ya zamani na mpya. Yuko Dustwallow Marsh kwa ajili ya Theramore, Darkshore kwa Teldrassil, Tirisfal kwa Undercity, Silithus kwa eneo kabla upanga wa Sargeras haujachomekwa, na Blasted Lands. Mchezaji asiyemjua atawaambia muhtasari wenu ni wa uongo, eti yeye ameona mti umesimama. Mstari mmoja kumhusu utawaepusha ubishi wa wiki nzima.

Kuhakiki maneno ya zamani, msitegemee kurasa za mashabiki, nyingi zimeandikwa upya kufuata habari mpya. Tumieni Classic Era, ambayo imejengwa juu ya sasisho la 1.12 la mwaka 2006. Kulipia mwezi ni dola 14.99, na malipo hayo yanafungua nyongeza zote za zamani pamoja na Classic. Akaunti ya bure inaishia ngazi ya 20 na haifungui Classic, kwa hiyo haitoshi. Andikeni kwanza orodha yote ya mnayotaka kuhakiki, ndipo mlipe mwezi mmoja mfanye yote humo. Toleo la kisasa linapita gigabaiti 100. Classic Era ni ndogo mno ukilinganisha, anzeni na hiyo kama mnashusha kwa mega za simu. Ukifungua maelezo ya misheni bonyeza Print Screen, picha inajihifadhi katika folda ya Screenshots ndani ya folda ya mchezo. Mara nyingi picha moja inatosha. Jeff Kaplan, mmoja wa wasimamizi wa mchezo miaka ile, alieleza mwaka 2009 kwamba mwandishi wa misheni alikuwa na nafasi ya herufi 511 tu.

Hizo herufi 511 zinaeleza mengi. Habari nzito haikuingia humo, ikapelekwa nje ya mchezo, na mchezo ukabaki na mashimo. Mifano miwili muiweke kwenye jedwali. Mwanzoni kulikuwa na mnyororo mrefu wa misheni za kumtafuta mwanadiplomasia aliyepotea, na mwanadiplomasia huyo ni mfalme Varian mwenyewe. Mnyororo ulikatika njiani. Kurudi kwake kulisimuliwa kwenye vitabu vya picha, na 2008 mchezaji akaingia Stormwind akamkuta mfalme ameketi kana kwamba hakuna kitu. Wa pili ni mji wa Theramore, 2012: riwaya inaeleza bomu, waliokufa, na jinsi Jaina, mtawala wa mji huo, alivyogeuka. Ndani ya mchezo ilikuwa kazi fupi ya watu watatu, mji umeshakwisha, chukua zawadi yako. Aliyecheza bila kusoma hakuelewa kwa nini Jaina amekuwa mtu mwingine.

Na kama mnataka ushahidi kwamba wenyewe hupotea: BlizzCon (mkutano wa mashabiki wa Blizzard) 2010, shabiki mwenye shati jekundu aliuliza Falstad Wildhammer, kiongozi wa wadwarfu, yuko wapi, mbona hayumo katika baraza la wadwarfu. Jukwaani wakadhani Falstad alikufa. Kijana akawakumbusha kwamba hakufa, na kwamba alikuwa anaonekana ndani ya mchezo wao wenyewe, Aerie Peak, miaka yote ile. Falstad akaingizwa barazani Ironforge, na kando yake wakamsimamisha mhusika mwenye shati jekundu, kazi yake mhakiki wa mambo. Bado wamo mpaka leo, nendeni mkaone.

---

Kadutu_Msomaji (Bukavu)

Nimefurahi na jedwali, lakini naona ndugu wawili hapo juu wameikwepa Teldrassil, na ndiyo ngumu. Draenei ni kosa kubwa kwa kumbukumbu na halikumuumiza mtu: hadithi iliyotoka ilikuwa nzuri kuliko ile iliyofutwa. Teldrassil haina tarehe hata moja iliyogongana na bado ni uandishi dhaifu. Ndiyo tofauti uliyoiuliza, Birere.

Sababu ya kwanza, novela za 2018. Sylvanas anamweleza Saurfang, jemadari wa Horde, mpango: kuuteka mti, si kuuchoma. Wakazi wakiwa mikononi mwa Horde, wanaelfu wa usiku watataka Teldrassil ikombolewe kwanza, watu wa Gilneas watataka Gilneas kwanza, Alliance itapasuka yenyewe. Sharti la mpango ni Malfurion, kiongozi wa wanaelfu wa usiku, afe. Saurfang anampiga kwa nyuma, anaona aibu, anamwacha hai. Mpango umevunjika.

Sababu ya pili, video ya mwaka huohuo. Sylvanas anaongea na Delaryn, askari anayekata roho, kuhusu tumaini. Jibu la yule askari linamchoma, anageuka anaamuru moto. Hapo ni hasira ya dakika moja.

Sababu ya tatu, Shadowlands: roho zote za wafu zinaanguka Maw, na kila kifo kinamwongezea Jailer nguvu. Vita vyenyewe vilikuwa mavuno.

Ya kwanza na ya pili zinaweza kuishi pamoja kwa shida: mpango umeharibika, hasira imepanda. Ya tatu inaziua zote mbili. Kama alitaka roho, mpango wa kuwashika wakazi hai ulikuwa hasara kwake, na Malfurion angekufa kama ilivyopangwa, mti usingeungua. Mtu atasema alimdanganya Saurfang. Sawa, nguzo ya nne ya Katuba inaruhusu hilo. Lakini mwaka 2018 msomaji hakupewa dalili ya kutosha kushuku uongo huo. Uongo ambao msomaji hakuwekewa hata uzi mmoja wa kuuvuta, ameutambua baada ya miaka miwili kwa kuambiwa, huo mimi siuhesabu kuwa ufundi.

Mimi napima hivi. Simulia tendo kwa kutumia tu yaliyokuwa yametolewa mwaka uleule. Je, mhusika ana sababu? Arthas anapita. Sylvanas wa 2010 anayejirusha kutoka Icecrown, ngome ya Lich King, baada ya Arthas kufa anapita: kisasi kimekwisha, hana kazi tena duniani. Sylvanas wa Teldrassil anapita nusu. Halafu angalia kama bei imelipwa, na ilipwe ndani ya mchezo, si kwenye riwaya.

Kwa bei, mfano mzuri ni kofia ya Lich King. Mwaka 2010 tuliambiwa, kwa sauti ya roho ya mfalme Terenas, kwamba lazima daima awepo Lich King, la sivyo jeshi la wafu litaifurika dunia. Ndiyo maana Bolvar alikubali kukaa peke yake ndani ya barafu. Miaka kumi dhabihu hiyo ilisimama. 2020 kofia ikararuliwa. Wafu wakafurika kwa wiki chache za tukio la kufungulia nyongeza, wachezaji wakapata zawadi, kisha kimya. Hakuna aliyekana kanuni ya 2010. Haikudaiwa tu. Kwa lugha ya jedwali: limenyamaziwa.

Mengine ya aina hiyo pitieni haraka. Vol'jin alipewa ukuu wa Horde 2013, akakaa nyongeza nzima ya Warlords of Draenor bila kazi, akafa 2016 mwanzo wa nyongeza ya Legion. N'Zoth, mmoja wa miungu ya kale, alidokezwa kwa miaka, akafunguliwa katika sasisho 8.2 la 2019 na kuuawa haraka katika 8.3 la Januari 2020. Upanga wa Sargeras ulichomekwa Silithus mwisho wa nyongeza ya Legion, mkubwa kuliko milima, halafu watu wakaenda kupigania madini yaliyotoka kwenye jeraha lake, upanga wenyewe umesimama pale kama nguzo ya umeme isiyo na waya.

Kwa Teldrassil andikeni tendo kwa urefu: nani aliamuru, nani alikataa moyoni, moto ulivyoufika mji. Sababu ziwekwe tatu kwa sentensi tatu, kila moja na mwaka wake. Msichague. Na tafadhali, msizibe tundu kwa akili zenu. Muhtasari wa mashabiki ukishaziba, mwaka kesho mtu ataunukuu kama ushahidi.

Himbi, kuhusu toleo la mwisho: ukifuata shauri lako, sura ya Sylvanas ingeandikwa mara nne toka 2018 mpaka 2022, alipohukumiwa kurudi Maw kuzitoa roho alizozipeleka. Nani atakuwa na nguvu hizo?

---

Himbi_DK (Goma)

Hapo umenishika, dada. Ila bado naomba ukurasa wa mwisho uwe "leo hali iko hivi", nusu ukurasa. Wengi wataanzia hapo.

---

Katuba_Fundi (Lubumbashi)

Nakubaliana na Himbi kwa huo ukurasa. Uwe faili ya pekee, ibadilishwe bila kugusa zile 40.

Kuhusu majina, Birere, chagueni sasa kabla hamjachelewa. Wasomaji wenu wanaona Hurlevent, Forgefer, Fossoyeuse, Coursevent, Portvaillant, Hurlenfer. Video na vitabu vya Kiingereza vinasema Stormwind, Ironforge, Undercity, Windrunner, Proudmoore, Hellscream. Toleo la Kifaransa la miaka ya kwanza lilikuwa limeacha mengi ya majina hayo kwa Kiingereza, yakatafsiriwa baadaye, kwa hiyo hata Wafaransa wa zamani wanasema Ironforge. Mchezaji mpya anadhani Forgefer na Ironforge ni miji miwili, na tayari amejitengenezea mgongano ambao haupo. Jina moja ndani ya maandishi, orodha ya majina mawili-mawili ukurasa wa kwanza.

---

Birere_Mchawi (Goma)

Aksanti mingi kwenu wote. Tumeanza jedwali, lina mistari 31 sasa, na zaidi ya nusu ni "limenyamaziwa", sikutarajia. Hii ni aya moja ya sura ya Lich King, ipigeni:

"Kil'jaeden alimfunga Ner'zhul ndani ya barafu na kumtupa Northrend. Arthas alipouchukua upanga Deuillegivre alipoteza roho yake. Mwaka uliofuata alipanda mpaka kwenye kiti cha barafu, akamuua Ner'zhul, akavaa kofia na kuwa Lich King. Alipoanguka mbele ya Tirion, Frostmourne ikiwa imevunjika vipande, kofia ilivaliwa na marehemu Bolvar, maana jeshi la wafu lisilo na mfalme lingeimeza dunia."

---

Kadutu_Msomaji (Bukavu)

Aya inasomeka vizuri, lugha haina shida. Ya kurekebisha ni haya.

Deuillegivre (jina la Kifaransa) na Frostmourne ni upanga mmoja. Katuba ametoka kuwaambia sasa hivi.

"Akamuua Ner'zhul" iondoeni. Mchezo wa 2003 unasema waliungana. Riwaya ya 2009 ndiyo iliyosema Arthas alimzima Ner'zhul ndani yake na kubaki peke yake. Hiyo ni mistari miwili kwenye jedwali, na aya yenu imeichanganya kuwa mmoja. Andikeni: "akavaa kofia, wakawa kitu kimoja, riwaya ya 2009 inaongeza kwamba baadaye Arthas alimzima mwenzake."

"Marehemu Bolvar" si kweli. Hakufa. Pale Wrathgate moto wa dragoni wekundu ulimuunguza ukamwacha katika hali isiyo uhai wala kifo, na ndiyo sababu aliweza kuivaa kofia. Mkimwita marehemu, msomaji atadhani ni mfu kama wengine na hataona kwa nini yeye alifaa.

"Mwaka uliofuata" ni hatari kuliko yote, na sura zenu zote nadhani zinayo. 2002 na 2003 ni miaka ambayo michezo ilitoka madukani, si miaka ya ndani ya Azeroth, dunia ya mchezo. Mwaka wa kutolewa ubaki kwenye jedwali na kwenye kichwa cha sura. Ndani ya masimulizi andikeni "baadaye". Pitieni faili yote kwa kutafuta neno "mwaka", moja baada ya jingine.

Ile ya mwisho, kwamba jeshi la wafu lingeimeza dunia, msiiguse. Iacheni hivyohivyo, kwa uzito wote ilionao, ili msomaji akifika sura ya 2020 aulize mwenyewe limekwenda wapi.